Kubadilisha bastola ya jeshi kwa yenye nguvu zaidi: anzia kwenye risasi

Wanajeshi wengi humaliza utumishi wao bila kufyatua bastola nje ya uwanja wa shabaha. Kwa hiyo ombi la kuibadilisha hulala mezani miaka kumi, halafu siku moja hupitishwa mbiombio na watu waliosikia neno moja tu: ya sasa haina nguvu. Mwongozo huu ni wa ofisa ununuzi, fundi silaha au mkufunzi anayekabidhiwa kazi hiyo siku hiyo. Mifano mingi ni ya Marekani, kwa kuwa imebadilisha bastola yake mara tatu (1911, 1985 na 2017) na imeacha ripoti ambazo yeyote anaweza kuzisoma, zikiwemo zile zinazoiaibisha.

Neno "nguvu" lipimwe kwanza

Anayedai bastola yenye nguvu zaidi mwulize anapima nini. Kuna nishati ya risasi inapotoka mtutuni, kuna momenta (uzito mara kasi), na kuna kina ambacho risasi hufika mwilini. Vipimo hivi vitatu havipandi pamoja, na ukichanganya viwili kwenye hati moja ya mahitaji umeshaiharibu zabuni.

Chukua risasi zinazojulikana. Ile ya Makarov, bastola ya Kisovieti, ni ya milimita 9x18 (kipenyo na urefu wa ganda), ina kichwa cha gramu 6.1 kinachokwenda kama mita 315 kwa sekunde: nishati jouli 300 hivi. Ile ya NATO ya milimita 9x19, kichwa cha gramu 8 kwa karibu mita 375 kwa sekunde, hutoa jouli 560. Hapo tofauti ni kubwa kweli, na jeshi linalotoka Makarov kwenda 9x19 linaongeza nguvu bila ubishi. Urusi yenyewe ilipita njia hiyo ilipoipokea bastola ya Yarygin mwaka 2003.

Sasa weka .45 ya Marekani (kaliba, yaani kipenyo, ya inchi 0.45) kando ya 9x19. Kichwa chake ni kizito, gramu 14.9, lakini huenda mita 253 tu kwa sekunde, na nishati yake ni kama jouli 475. Kwa jouli, ile "kubwa" imeshindwa. Kwa momenta imeshinda, maana uzito mara kasi unatoa 3.8 dhidi ya 3.0. Momenta hiyohiyo ndiyo teke linalorudi mkononi kwa mpigaji. Kila kitu unachokiongeza mbele ya mtutu unakilipia nyuma yake.

Historia ya hoja hii ni ndefu na haijanyooka. Nchini Ufilipino, mwanzoni mwa karne iliyopita, askari wa Marekani walilalamika kwamba bastola zao za .38 haziwasimamishi wapiganaji wa Moro. Risasi ile ilikuwa na jouli 270 hivi, kwa hiyo malalamiko yalikuwa na msingi. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walifanya majaribio, wakipiga ng'ombe kwenye machinjio ya Chicago na maiti kwingineko, wakapendekeza kaliba isiyopungua .45. Pendekezo hilo ndilo lililozaa M1911, bastola ya jeshi ya .45. Majaribio yao kwa viwango vya leo yalikuwa ya ovyo, maana wanyama wachache walipigwa kwa idadi tofauti za risasi mahali tofauti mwilini, lakini hitimisho lake liliongoza jeshi kwa zaidi ya miaka 70.

Mfano wa pili ni wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambapo risasi moja ya milimita 9 ilisimama kabla ya kuufikia moyo wa jambazi, shirika hilo lilihamia milimita 10, kisha .40 iliyoingia sokoni mwaka 1990. Teke likawa kubwa, wapigaji wengi wakashuka alama. Mwaka 2014 kitengo chake cha mafunzo kilieleza kwa maandishi kwa nini wanarudi kwenye milimita 9: vichwa vya risasi vya kisasa vimepunguza tofauti ya majeraha hadi kuwa ndogo mno, ilhali mpigaji wa kawaida hupiga haraka na kwa usahihi zaidi kwa 9.

Jeshi la Marekani nalo, lilipoanza kutafuta mrithi wa M9, bastola yake ya 9x19 ya tangu 1985, lilizungumza waziwazi juu ya nguvu zaidi, na .40, .45 na .357 SIG zote zikatajwa. Mwaka 2017 likachagua 9x19 ileile, kwenye bastola mpya ya SIG Sauer (M17, na fupi yake M18) na risasi mpya mbili: M1152 ya kichwa kigumu cha bapa, grini 115 (gramu 7.5), na M1153 yenye kichwa chenye tundu, grini 147 (gramu 9.5). Nguvu iliyoongezwa ilikuwa ndani ya kichwa cha risasi, kaliba haikuguswa.

Msimamo wetu ni huu: kama unatoka 9x18 au .38, panda hadi 9x19 bila kusita. Kama tayari uko kwenye 9x19, usibadilishe kaliba kabla hujaijaribu risasi bora kwenye bastola uliyonayo. Jaribio hilo ni sehemu ndogo ya gharama ya bastola mpya.

Sheria kabla ya maabara

Risasi yenye tundu hufunguka mwilini, na hapo sheria za vita zinaingia. Azimio la The Hague la mwaka 1899 linakataza risasi zinazotanuka au kubapaa kirahisi ndani ya mwili wa binadamu. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unayataja matumizi yake kama uhalifu wa kivita katika vita vya kimataifa, na mkutano wa mapitio uliofanyika Kampala mwaka 2010 uliongeza kifungu kinachofika hadi vita vya ndani. Marekani haikujiunga na azimio la 1899, na mwezi Julai 2015 jeshi lake lilitangaza, baada ya mapitio ya wanasheria wake, kwamba washindani wanaweza kuleta risasi za aina hiyo. Nchi yako huenda haina nafasi hiyo. Pata maoni ya maandishi ya mwanasheria wa jeshi kabla ya kununua hata boksi moja la majaribio, na utenganishe matumizi ya polisi jeshi kambini na matumizi ya vitani, kwa kuwa majibu yake yanaweza kutofautiana.

Kupima risasi

Tumia jeli ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya unga wa jelatini kwa sehemu tisa za maji kwa uzito, ihifadhiwe kwenye nyuzi joto 4 za Selsiasi na ipigwe ikiwa bado kwenye joto hilo. Kabla ya kila bonge kutumika, lihakikishe kwa gololi ya chuma ya milimita 4.5 inayorushwa kwa mita 180 kwa sekunde: iingie sentimita 8.5, ikizidi au kupungua moja. Ikizama zaidi, jeli ni laini, na kila risasi utakayoipiga humo itaonekana hodari kuliko ilivyo. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika maonyesho ya wauzaji, hasa yanayofanyika juani.

Kina kinachotafutwa kwa kipimo cha FBI ni sentimita 30 hadi 46. Piga jeli tupu, kisha jeli iliyofunikwa nguo nzito, bati, mbao na kioo cha mbele cha gari. Nguo nzito ndiyo inayoziumbua risasi zenye tundu: nyuzi huziba tundu, kichwa kisifunguke, na risasi ikapita kama ya kawaida. Piga angalau risasi tano kwa kila kizuizi, na uandike ile iliyofanya vibaya zaidi pamoja na wastani, maana wastani huficha.

Usipime kwa mtutu wa maabara peke yake. Kama unanunua bastola ya ukubwa wa kawaida na fupi yake (M17 ina mtutu wa inchi 4.7, M18 inchi 3.9), pima kwa ile fupi. Kasi inayopotea kwenye mtutu mfupi ndiyo mara nyingi inayoamua kama kichwa kitafunguka.

Kuandika mahitaji

Hati ya Marekani ya mwaka 2015 ilikuwa na kurasa zaidi ya 350. Mkuu wa jeshi la nchi kavu wakati huo, Jenerali Mark Milley, aliilalamikia hadharani pamoja na miaka miwili ya majaribio yenye bajeti ya dola milioni 17, akisema kwa fedha hizo angeweza kwenda dukani na kununua bastola mwenyewe. Alikuwa na haki kuhusu kurasa. Kuhusu majaribio hakuwa na haki, kama tutakavyoona.

Mahitaji ya lazima yasizidi ukurasa mmoja. Taja risasi kwa jina na namba, pamoja na kiwango chake cha mgandamizo wa gesi. Usiandike "9x19" ukaishia hapo, kwa kuwa risasi ya NATO inaruhusiwa kufika megapaskali 252 na ya kiraia ya Ulaya 235, na bastola iliyojaribiwa kwa ya pili itachakaa mapema kwa ya kwanza. Taja idadi ya risasi kati ya kukwama na kukwama, umri wa mtutu na slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapopigwa), uzito wa juu kabisa, na uzito wa triga. Taja mikono pia. M9 ilikuwa na mshikio mnene na triga ya kwanza nzito, na askari wenye viganja vidogo walishindwa kuifikisha shabaha kwa miaka 30 bila mtu kuiita hiyo kasoro ya silaha. Dai mshikio wa saizi tatu unaobadilishwa bila fundi, na vidhibiti vinavyofanya kazi kwa wanaotumia mkono wa kushoto.

Amua mapema kama unataka sefti ya mkono. Marekani ilitaka. Uingereza, iliyochagua Glock 17 mwaka 2013 kuchukua nafasi ya Browning, haikutaka. Ikanunua bastola zaidi ya 25,000 kwa mkataba wa karibu pauni milioni 9, na faida mojawapo ni kwamba askari hutembea na risasi chembani, tayari, akiwa na 17 kwenye magazini badala ya 13. Njia zote mbili zinafanya kazi. Inayoua watu ni kuamua baada ya mkataba kusainiwa.

Kupima bastola, na hesabu ambayo wengi huikwepa

Muuzaji atakuja na bastola yake, apige risasi 500 mbele ya wakubwa bila kukwama hata mara moja, na wakubwa watapiga makofi. Hesabu yake ni hii: ukitaka kuwa na uhakika wa asilimia 90, gawanya idadi ya risasi zilizopigwa bila kukwama kwa 2.3. Risasi 500 zimethibitisha kwamba bastola haikwami zaidi ya mara moja kwa kila risasi 217. Hilo tu.

Kiwango cha M17 kilikuwa risasi 2,000 kati ya kukwama na kukwama. Kukithibitisha kwa uhakika huohuo unahitaji risasi 4,600 bila kukwama hata mara moja. Ikikwama mara moja uendelee hadi 7,800. Mara mbili, 10,600. Zigawanye kwa bastola kumi zilizochaguliwa na watu wako kutoka kwenye mzigo, na kwa matoleo ya risasi yasiyopungua matatu. Bastola zilizoletwa na muuzaji mkobani zibaki mkobani. Mwaka 1911 Colt ilipiga risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja wakati mpinzani wake Savage alikwama mara 37, na huo ndio urefu wa jaribio unaomaliza ubishi.

Andika kila kukwama kwa sababu yake. Majaribio ya M17 yalionyesha kwa nini. Idadi ilikuwa mbaya kwa risasi ya kichwa kigumu, mbali sana na 2,000, lakini zaidi ya nusu ya kasoro hizo zilikuwa slaidi kutobaki nyuma baada ya risasi ya mwisho. Bastola haikuwa na kosa la mitambo hapo: wapigaji wanaoshika juu, kama walivyofundishwa, walikuwa wanakandamiza kizuio cha slaidi kwa kidole gumba. Ukiwa na jumla peke yake utaikataa bastola au utaifumbia macho. Ukiwa na sababu unajua utarekebisha umbo la kizuio au ushikaji. Kasoro nyingine, ya bastola kutupa risasi nzima pamoja na ganda tupu, ilijitokeza kwa risasi ya kichwa kigumu, jambo linaloonyesha kwa nini kila aina ya risasi hupewa jaribio lake kamili.

Jaribio la kuangusha ndilo linalohitaji ukaidi. Kiwango cha kiwandani Marekani ni kuiangusha kutoka futi 4, yaani mita 1.2, juu ya mpira mgumu uliolazwa kwenye zege, kwa mikao sita: mdomo chini, mdomo juu, mshikio chini, mshikio juu, ubavu huu na ule. Weka ganda lenye fataki bila baruti wala kichwa, ili ikifyatuka usikie mlio tu. P320, mama wa M17, ilipita mikao hiyo. Mwaka 2017 ikaonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani, nyuma ya slaidi ikitangulia, uzito wa triga yenyewe uliweza kuivuta na silaha ikafyatuka. Majaribio ya jeshi nayo yaliigundua kasoro hiyo, na dawa ilikuwa kupunguza uzito wa triga na sehemu za mfumo wa kufyatulia. Ongeza pembe za nyuzi 30 na 45 kati ya mikao ile sita, kwenye zege tupu, sefti ikiwa imefunguliwa. Itakugharimu siku moja ya ziada.

Vumbi, matope na chumvi fanya kwa magazini zilezile utakazozinunua. Nchini Iraq M9 ilipata sifa mbaya kwa kukwama, na chanzo kikubwa kilikuwa magazini za mzabuni mwingine zilizopakwa fosfeti ya kukwaruza kama jeshi lilivyoagiza: mchanga laini uling'ang'ania ndani, springi ikashindwa kusukuma risasi juu. Magazini zenye mpako laini ziliondoa tatizo bila bastola kuguswa. Kwa kikosi kinachokaa pwani, mvuke wa chumvi kwa saa 48 na kisha kupigwa bila kusafishwa utakuonyesha ubora wa pini na springi ndogo, zinazooza kabla ya mtutu.

Zabuni

Linganisha bei ya mfuko mzima, kwa maana ya bastola, magazini, ala, vipuri, vifaa vya fundi na mafunzo. Kwenye shindano la M17, Glock ilikata rufaa na ikashindwa mwezi Juni 2017; tofauti ya bei kati yake na SIG Sauer ilizidi dola milioni 100, na iliamuliwa na mfuko mzima. Andika sababu za kila alama uliyotoa siku uliyoitoa. Rufaa itakuja, na mwaka mmoja baadaye hakuna atakayekumbuka.

Kinachonunuliwa pamoja na bastola

Magazini zisipungue tatu kwa kila bastola, moja ndani na mbili mkandani, na akiba ya tano kwa bastola za mafunzo. Magazini ni kitu cha kuchakaa. Ikianguka na midomo yake ikapinda, itupe.

Springi ya kurudisha slaidi badilisha kila risasi 5,000, au mapema kama mtengenezaji anasema hivyo. Bastola ya ofisa anayepiga risasi 150 kwa mwaka haitafika huko kabla hajastaafu. Bastola ya uwanja wa mafunzo hufika kwa miezi. Zitenge hizo za mafunzo kwa namba, zipewe daftari la idadi ya risasi, na vipuri vielekezwe huko: springi za slaidi na za magazini, kitoa ganda na springi yake, pini ya kupiga, pini za fremu, saiti za mbele. Kuchanganya bastola za mafunzo na za zamu kwenye rafu moja ni njia ya uhakika ya kumpa mlinzi silaha iliyochoka.

Ala inunuliwe ikiwa imejaribiwa na bastola yenyewe, pamoja na tochi kama itakuwapo. Ala iliyoundwa kwa bastola isiyo na tochi haiipokei yenye tochi, na ile pana ya kupokea tochi huacha uwazi kuzunguka triga. Ingiza na kuchomoa mara 500 ikiwa na mchanga ndani, kisha ning'iniza kilo 20 kwenye mshikio bila kuifungua.

Mizigo ya risasi huwashtua wahasibu. Bastola 10,000 kwa risasi 150 za mafunzo ya kwanza ni risasi milioni 1.5. Kwa 9x19, yenye uzito wa kama gramu 12 kwa moja, hiyo ni tani 18; kwa .45, gramu 21, ni zaidi ya tani 31. Hapo hujagusa akiba ya vita.

Mafunzo: kidole gumba kina kumbukumbu

Hatari kubwa ya miezi ya kwanza iko kwenye sefti. Kwenye M9 iko juu ya slaidi: chini ni salama, juu ni tayari. Kwenye M17 iko kwenye fremu: juu ni salama, chini ni tayari. Askari mwenye utumishi wa miaka kumi ambaye amezoea kusukuma chini "kuifunga" silaha sasa anaifungua. Wale waliohama kutoka M1911 kwenda M9 mwaka 1985 walipitia mgeuko huohuo kwa upande wa pili. Chora jedwali la mwelekeo wa sefti ya zamani na mpya, na kama umegeuka, hesabu marudio 300 ya mkono mtupu, bila risasi, kabla ya siku ya kwanza uwanjani.

La pili ni kuifungua bastola ili kuisafisha. Glock hudai uvute triga kabla ya kutoa slaidi. M9 na M17 hazidai. Jeshi linalokwenda Glock litegemee milio kwenye vyumba vya kusafishia, hivyo weka pipa la mchanga mlangoni, na utaratibu uwe mmoja kwa kila mtu: toa magazini, vuta slaidi mara tatu, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, elekeza pipani, ndipo triga.

Risasi 150 za ubadilishaji zigawe hivi: 40 polepole kwa mita 5 hadi 7, 50 za kuchomoa alani na kupiga mbili, 30 za kubadili magazini na kuondoa kukwama kwa kuchanganya risasi bandia, na 30 za mtihani hadi mita 25. Fuatilia wanaoanza kupiga chini kushoto (kwa wa mkono wa kulia). Hao wanaliogopa teke, na kuwaongezea risasi halisi kunazidisha tabia. Warudishe kwenye risasi bandia. Kama zaidi ya mmoja kwa watano wanafanya hivyo kwa bastola mpya na hawakufanya kwa ya zamani, umenunua nguvu ambayo jeshi lako haliwezi kuitumia, na ni bora ulijue kwenye kikosi cha kwanza kuliko cha ishirini.

Uwanja wenyewe ukaguliwe tena. Risasi ya 9x19 inaweza kufika mita 1,800 ikirushwa kwa pembe ya juu. Uwanja uliopimwa kwa silaha dhaifu zaidi unahitaji ramani mpya ya eneo la hatari.

Kubadilishana ghalani

Badilisha kikosi kizima kwa siku moja. Kikosi chenye bastola mbili tofauti kina risasi mbili tofauti, na hapo ajali inasubiri. Risasi ya 9x19 ikiingia kwenye bastola ya .40 inaweza kushikwa na kitoa ganda na kupigwa, ganda litapasuka. Ya 9x18 ina kichwa kinene zaidi (milimita 9.25 dhidi ya 9.01) ingawa majina yote mawili yanaanza na 9, na mtunza ghala anayesoma namba ya kwanza peke yake atazichanganya. Risasi za zamani ziondoke kambini siku hiyohiyo, zikihesabiwa hadi ya mwisho, kabla ya boksi la kwanza la mpya kufunguliwa.

Kila bastola mpya ikaguliwe na fundi silaha kabla ya kusainiwa: namba ya fremu, ya slaidi na ya mtutu, kurudi kwa triga, kufunga kwa sefti, na kuzuiwa kwa pini ya kupiga. Kwa nchi zilizo chini ya Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo sekretarieti yake RECSA iko Nairobi, alama ya nchi iliyoagiza nayo inatakiwa kwenye silaha. Dai ichongwe kiwandani kabla ya mzigo kusafirishwa. Kuichonga baadaye kwa mashine moja ya kambini huchukua miezi, na huharibu mpako uliolipia.

Mwaka wa kwanza

Bastola ya kwanza ikipasuka au ikifyatuka yenyewe, au ikidaiwa kufyatuka yenyewe, uwe na utaratibu ulioandikwa tayari. Mwaka 1987 na 1988 slaidi za M9 zilipasuka na vipande vikawarudia wapigaji wa kikosi maalumu cha majini usoni. Ubishi kama kosa lilikuwa la chuma au la risasi zenye mgandamizo mkubwa ulichukua muda mrefu kuliko dawa yenyewe, ambayo ilikuwa pini ya nyundo yenye kichwa kipana cha kuizuia slaidi isitoke nyuma. Mwezi Julai 2025, baada ya kifo cha askari mmoja kwenye kambi ya F.E. Warren, kamandi moja ya jeshi la anga la Marekani ilisimamisha M18 zake zote, ikazikagua moja moja, na kuzirudisha kazini mwezi uliofuata. Kusimamisha kwa wiki chache si aibu. Iwapo hujui bastola ipi ilipiga risasi ngapi, kutoka toleo lipi la risasi, hutakuwa na cha kukagua.

Silaha ya tukio isifunguliwe na kikosi. Ifungwe ikiwa na magazini yake, risasi zilizobaki na ala yake, na picha zipigwe kabla haijasogezwa. Fundi mwenye nia njema anayeisafisha kwanza hufuta ushahidi wote.

Bastola za zamani

Hizi zina sehemu ya bajeti ambayo kila mtu huisahau. Zikikaa ghalani bila kazi zinahitaji mlinzi, hesabu ya kila mwezi na mafuta, na zinavutia wezi kwa kuwa hakuna anayezitazama. Marekani ilipeleka sehemu ya M1911 zake kwa mpango wa kuziuza kwa raia kuanzia 2018, njia isiyofaa kwa nchi nyingi. Teketeza: kata kwa moto wa gesi fremu kwenye reli na kwenye tundu la triga, kata slaidi nyuma ya uwazi wa kutolea maganda, kata mtutu kupitia chembani, kisha yeyusha. Kuzirundika na kuzichoma kwa kuni hutoa picha nzuri magazetini, lakini mitutu na slaidi nyingi hutoka humo zikiwa zinaweza kurudishwa kazini. Namba ya kila moja isomwe na watu wawili kabla ya kukatwa, na orodha hiyo ilinganishwe na ile ya siku ya kukabidhiana. Zisipolingana, usisaini.